Sweta Katika Chumba cha Kuonjea

Nilikwenda kumchukua mwanangu. Nasema hivyo mapema nisije nikaonekana mtu aliyekwenda kutazama mandhari. Mandhari niliyakuta huko, sikuyafuata.

Kitinda ni mtoto wangu wa mwisho, na jina lenyewe alipewa na kaka zake kwa sababu hiyo. Ana miaka ishirini na minne. Mwaka mzima alikuwa mwanafunzi wa kuonja chai katika kiwanda kimoja cha mlimani, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu. Nilipowaambia wenzangu kazini, mmoja aliuliza kama siku hizi kuna hata cheti cha kuonja wali. Ijumaa ya wiki ile angefanyiwa mtihani wa mwisho. Akifaulu, angeajiriwa na kuhamia huko moja kwa moja. Akishindwa, mafunzo yangeishia hapo naye angerudi nyumbani, ambako nilikuwa nimeshamtafutia nafasi ya ukarani katika hospitali ninayofanyia kazi. Bosi wangu alikubali kuishikilia nafasi hiyo hadi Jumatatu.

Je, nilitaka ashindwe? Hapana. Nilitaka arudi. Wakati ule niliona hayo ni mambo mawili tofauti.

Mimi ni mtunza stoo. Nina diploma ya ununuzi na ugavi, na kwa miaka ishirini na miwili nimetunza mashuka, mablanketi na magauni ya wagonjwa. Katika miaka yote hiyo hakuna shuka lililotoka kwangu limetobolewa na mdudu. Siri ni vile vidonge vyeupe vya nondo, vya mviringo kama peremende, vinavyowekwa kwenye makabati na masanduku ya nguo. Kazini naviweka, nyumbani pia, tangu kabla sijaajiriwa. Watoto wangu wote wanne walivaa nguo zilizotoka kwenye sanduku langu tangu siku ya kwanza walipoletwa kutoka wodini.

Na nilikuwa nimemfumia Kitinda sweta. La kijivu, la sufi, kola ndefu, mikono ya kukunja. Lilinichukua miezi mitatu. Mtu anaweza kuuliza, kama ulikwenda kumrudisha nyumbani, sweta la baridi la nini? Nililianza kabla nafasi ya hospitalini haijapatikana. Kitu nikikianza nakimaliza.

Nilifika Jumatano mchana. Kule msitu uko juu, mto uko chini, na chai iko katikati. Ndivyo eneo lote lilivyopangwa na sioni haja ya kulipangua. Msitu ni mweusi na una ukungu hata jua likiwa utosini. Mto una kelele kuliko ukubwa wake. Chai yenyewe imekatwa sawa kwa juu, mlima hadi mlima, kama kitanda kilichotandikwa na mtu anayejua kutandika. Hilo nililipenda. Mengine ni kijani, kijani, kijani, mpaka jicho linatafuta hata ukuta lipumzike.

Getini alinipokea mtunza stoo wa kiwanda. Wanamwita Gunia, ingawa ni mwembamba kama mwiko. Alilichukua sanduku langu, akalisogeza mbali kidogo na mwili wake, akasema, "Shikamoo mama. Karibu sana, mama wa hospitali."

"Marahaba. Kitinda amekuambia ninakofanya kazi?"

Alipepesa macho. "Aa... ndiyo, mama. Tunakujua."

Nilimwona kijana mwenye adabu. Pia nilifurahi kwamba mwanangu ananitaja.

Kitinda alitoka mbio akiwa na koti jeupe la kazi, akaniamkia, kisha akaninusa shingoni kama mbuzi.

"Mama, umekula chungwa njiani."

"Asubuhi, tena kwenye kituo cha kwanza."

"Na aliyekaa jirani yako alikuwa na petroli mikononi."

Ilikuwa kweli; alikuwa fundi wa pikipiki. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba huenda hii kazi si mchezo, lakini sikumwambia.

Chumba chake kilikuwa kimoja, katika safu ya nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda. Kitanda, meza, jiko la umeme la sahani moja, ndoo mbili zenye vifuniko, dirisha linalotazama chai. Safi. Nilikagua chini ya kitanda, nako kulikuwa safi. Nilichukua sabuni bafuni nikainusa.

"Hii sabuni imekufa?"

"Haina harufu, mama. Ndiyo tunayotumia."

"Sabuni isiyo na harufu utajuaje kama umeoga?"

"Utajua kwa kuwa umeoga." Alicheka. "Manukato hatupaki. Vitunguu siku za kazi sili. Hata mafuta ya nywele nimebadilisha. Chai ni mmbea, mama. Ukiiwekea kitu chochote karibu, inakwenda kukitangaza kwenye kikombe."

Nilitoa sweta sandukuni. Alilipokea kwa mikono miwili, akazamisha uso wote humo ndani, akavuta pumzi ndefu.

"Linanukia safi," alisema.

Nawaomba mkumbuke hilo. Mtu aliyesikia chungwa la asubuhi kwenye shingo yangu alizamisha pua katika sweta lililokaa wiki sita na vidonge vinane vya nondo, akasikia usafi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nami sikusikia kitu. Alilivaa saa ile ile na akalala nalo, maana usiku wa kule si wa mchezo.

Alhamisi alinitembeza. Tuliwakuta wachumaji wamezama kiunoni katika chai, vikapu mgongoni, mikono inakwenda bila macho kuifuata. Wanachuma majani mawili na chipukizi lake, basi. Jani la tatu ni gumu na linaharibu. Mama mmoja mchumaji aliponiona nimeng'ang'ania kuchuma, alitazama nilichokishika na kusema, "Hayo mpelekee mbuzi, dada." Nikayatupa.

Kiwandani majani hutandazwa yanyauke, yanakatwa, yanaachwa yachachuke mpaka yabadilike rangi kuwa kama shaba, kisha yanaingia kwenye mashine ya kukaushia. Kila hatua ina saa yake. Wakichelewa kidogo tu, chai imeharibika, na anayegundua ni mwonjaji. Kitinda alinieleza haya akitembea mbele yangu kwa haraka, akiwagusa watu mabegani, akijibu utani. Kwangu nyumbani hatembei hivyo. Nyumbani anaburuta ndala.

Tulikaa kwenye daraja la mbao juu ya mto, chini ya kiwanda. Nikaona ndiyo nafasi.

"Bosi wangu anasubiri jibu hadi Jumatatu," nilisema.

"Jibu la nini?"

"Unajua la nini. Karani wa stoo. Kazi ya kudumu, karibu na kwenu."

Alitupa kijiti majini. "Nitafanya nini huko, mama?"

"Utahesabu mashuka."

"Na wewe?"

"Nitakuhesabu wewe."

Alicheka, lakini hakugeuka kunitazama. "Mtihani ni kesho saa nne. Nikishindwa, nitakwenda na wewe basi la mchana, sitakusumbua. Nikifaulu, mama, usinisumbue tena. Tukubaliane hivyo."

"Tumekubaliana."

Tulipeana mikono kama wafanyabiashara. Kwa hiyo kila mmoja alijua anachokisubiri.

Alasiri alikwenda kuandaa sampuli za mtihani. Mwonjaji mkuu alikuwa amesafiri kwenda mnadani tangu Jumanne, na alikuwa amemwachia kazi hiyo: aina kumi na mbili za chai kavu, kila moja kwenye kisahani chake wazi, zote juu ya rafu, zimefunikwa karatasi nyeupe, zilale hapo hadi asubuhi. Mimi nilibaki chumbani kupika. Saa kumi na moja nikampigia simu.

"Chakula kinapoa."

"Namalizia, mama."

"Umalizie nini? Vitu vimeshafunikwa. Njoo ule."

Akaja mbio. Niliona hana sweta, nikamuuliza. Akasema kule ndani majiko ya kuchemshia maji yalikuwa yanawaka, akasikia joto, akalitundika msumarini na kulisahau. Nikampa shali yangu. Ilitoka sanduku lile lile.

Baba yake alipiga simu tukiwa tunakula, nikatoka nje kuipokea.

"Amekubali?"

"Bado."

"Mama Kitinda, usimbane mtoto."

"Simbani. Namweleza."

"Mimi umeshanieleza miaka thelathini," alisema. "Najua inavyouma."

Nikakata simu, maana mtandao ulikuwa mbaya na maneno pia.

Ijumaa saa nne kasorobo nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha kuonjea. Chumba kile kina dirisha refu kuanzia ukuta hadi ukuta, na kwa kuwa sehemu ya juu ilikuwa wazi, nilisikia kila kitu. Ndani kuna kaunta ndefu ya vigae vyeupe. Mbele ya kila kisahani cha chai kulikuwa na kikombe chenye kifuniko na bakuli dogo. Kitinda alipima kila chai kwenye mizani ndogo, akamwaga maji yaliyochemka, akageuza saa ya mchanga. Dakika sita.

Mwonjaji mkuu aliingia akitoka safari moja kwa moja. Ni mzee mfupi, amevaa aproni iliyopigwa pasi, na wafanyakazi wanamwita Mzee Tema, kwa kuwa ndiyo kazi yake: anachota kwa kijiko, anavuta chai kwa mlio kama mtu anayevuta kamasi hadharani, anaizungusha mdomoni, kisha anaitema kwenye pipa la bati lenye magurudumu ambalo analisukuma kwa goti. Nimeona mambo mengi hospitalini, lakini sijaona mtu akitema kwa heshima namna ile.

Alionja kikombe cha kwanza. Akasimama. Akaonja cha pili, cha tatu, kisha akaruka hadi cha kumi na mbili. Akaweka kijiko chini.

"Onja," alimwambia Kitinda. "Uniambie unasikia nini."

Kitinda akaonja vyote, kimoja baada ya kingine. "Cha kwanza, majani yalinyaushwa kupita kiasi. Cha pili kimechachuka muda mrefu, dakika ishirini hivi za ziada. Cha tatu ni kizuri, cha shamba la juu, karibu na msitu. Cha nne kimeungua kwenye kukaushwa..." Akaendelea hivyo hadi mwisho.

"Na kingine?"

"Hakuna kingine, mzee."

"Rudia."

Akarudia. Akavuta, akatema, akafumba macho. "Hakuna kingine."

Mzee Tema alivua miwani. "Binti, hivi vikombe vina dawa. Vyote kumi na viwili. Nimeisikia kabla kijiko hakijafika mdomoni. Dawa kali, ya kuua wadudu au ya chooni. Na wewe unasema hakuna kitu."

Kitinda alichota tena kikombe cha kwanza. Nilimwona akitafuta. Alikuwa kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba chake mwenyewe na mlango haupo.

"Sisikii, mzee," alisema.

"Mwonjaji asiyesikia dawa atawanywesha watu dawa. Nenda ukapumzike. Barua yako nitaiandika mchana."

Kisha akatoka kwa hatua ndefu kuliko miguu yake hadi kwenye ghala, ambako lori lilikuwa linapakiwa, akapaaza sauti lori lisimame. Alimwita Gunia. Alimuuliza ameweka dawa gani humo, lini, kwa ruhusa ya nani. Gunia aliapa kwa kila kitu anachokiamini kwamba hajaweka. "Basi imetoka mbinguni?" aliuliza Mzee Tema. Gunia alinitazama mimi kwenye benchi, mara moja tu, kisha akatazama viatu vyake.

Kitinda alipita mbele yangu akifungua vifungo vya koti.

"Haya mama, umeshinda," alisema. "Basi ni saa saba."

Hakulia. Amenifuata mimi katika hilo.

Niliingia chumba cha kuonjea kuchukua sweta, kwa sababu siachi nyuma kazi ya miezi mitatu. Nililikuta msumarini. Msumari wenyewe ulikuwa juu ya rafu ya sampuli, na mkono mmoja wa sweta ulikuwa umelala juu ya ile karatasi nyeupe, kama mkono wa mtu aliyesinzia mezani. Usiku kucha. Karatasi ile ile, visahani vile vile vya chai chini yake, wazi.

Nikasimama. Nikakumbuka "mama wa hospitali". Nikakumbuka sanduku langu lilivyoshikwa kwa mbali. Chai ni mmbea.

Nisidanganye, sikutoka mbio. Nilisimama pale kama dakika mbili. Nilichokuwa nimekisafiria kilikuwa mkononi. Ningelikunja sweta nikalitia mfukoni, tungepanda basi saa saba, na Jumatatu Kitinda angekuwa kwenye meza ya pili kutoka yangu. Hakuna ambaye angejua, ila Gunia, na Gunia asingesema. Ila angerudi akiamini kwamba pua yake ni mbovu, na imani hiyo angekuwa nayo maisha yake yote, na mimi ndiye ningekuwa nimemfungia kwenye mzigo. Na Gunia angebaki na kesi ya dawa asiyoiweka. Mwaka mmoja bomba la juu lilipasuka likalowesha mablanketi sitini, nikaandikiwa mimi barua ya uzembe. Najua ladha yake.

Mali iliyopatikana namna hiyo hata stoo kwangu haiingii. Nilikwenda ghalani.

"Mzee," nilisema, "hiyo dawa ni yangu."

Mzee Tema alinitazama kuanzia kichwani. "Wewe ni nani?"

"Mama yake. Sweta hili nilimletea mimi, lilikaa na vidonge vya nondo, na jana lililala juu ya sampuli zako. Huyu kijana hajaweka kitu."

Alilichukua, akalisogeza puani, akalirudisha upesi kama lililomng'ata. Kisha akanisogelea hatua moja, akarudi nyuma mbili.

"Mama, na wewe mwenyewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Unanuka kama kabati."

Gunia alikohoa kwenye kiganja. Nikamgeukia. "Ulijua?"

"Tangu getini, mama."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie mama wa mtu ananuka?" Alikuwa ameshtuka kweli. "Mimi nimelelewa, mama."

"Adabu yako nusura ikufukuzishe kazi."

"Ndiyo, mama. Lakini nimelelewa."

Mzee Tema alituma watu wafungue magunia mawili ya lori, akayanusa, akaruhusu upakiaji uendelee. Kisha akarudi kwangu. "Sweta ni kosa lako. Lakini kutokusikia ni kwake. Hilo huwezi kulibeba wewe."

"Naweza," nilisema. "Alizaliwa ndani ya harufu hiyo. Nguo yake ya kwanza ilitoka kwenye hilo sanduku, na ya pili, na sare za shule. Juzi alilala na hilo sweta, jana akalala na shali yangu. Kwake hiyo si harufu, ni hewa ya nyumbani. Mzee, wewe unasikia harufu ya kwenu?"

Alifuta miwani kwenye aproni.

"Baba yangu alikuwa mchoma mkaa," alisema mwishowe. "Miaka mitatu ya mwanzo nilikuwa napitisha chai yenye moshi. Naiandikia 'safi'." Akavaa miwani. "Saa nane. Nitachota sampuli mpya mwenyewe kutoka kwenye mashine ya kukaushia. Aoge, abadili kila kitu, nguo aazime kwa mtu mwingine. Na wewe, mama, sitaki kukuona wala kukusikia."

"Nimekaa nje ya dirisha tu."

"Nenda mtoni. Vuka daraja. Upepo unatoka huku kwenda kule."

Nilimkuta Kitinda akikunja nguo. Anakunja vizuri, nilimfundisha mimi.

"Acha. Oga. Mtihani ni saa nane," nilisema, nikamweleza yaliyotokea kwa maneno machache nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu sasa nilijihisi mzigo wa hatari.

Alikaa kitandani. "Uliligundua saa ngapi?"

"Nilipoingia kulichukua."

"Na ulikaa muda gani kabla ya kusema?"

Ananijua.

"Dakika mbili."

Alifikiri. "Mbili si nyingi," alisema, akachukua ndoo.

Nikavuka daraja. Nilikaa juu ya jiwe, sweta limefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki mapajani mwangu, kama mtu aliyetengwa kwa ugonjwa wa kuambukiza. Sikuwa na cha kufanya, jambo ambalo halinitokei. Kwa hiyo nilitazama. Maji ya mto yalikuwa ya rangi ya chai dhaifu. Kule juu wachumaji walikuwa wakitembea kwa mstari, na nyuma yao chai ilibaki na rangi nyingine, iliyokolea zaidi, ikaonekana wazi walipopita na ambapo hawajapita. Ukungu ulitoka msituni ukashuka hadi kwenye mti fulani, ukarudi. Ndege mmoja alikuwa akisema kitu kile kile. Nilikaa pale zaidi ya saa tatu. Nadhani nilikuwa namwombea afaulu. Sina uhakika, lakini nilikuwa nimekunja ngumi.

Alikuja baada ya saa kumi, amevaa gauni la mtu mnene kuliko yeye. Alisimama katikati ya daraja, hakufika kwangu.

"Kumi na moja," alipaaza sauti.

"Kati ya ngapi?"

"Kumi na mbili!"

"Na hiyo moja?"

"Mzee alimtuma Gunia amletee uzi wa sweta lako uliobaki msumarini. Akauweka kwenye kikombe kimoja kati ya vile kumi na viwili bila kuniambia. Sikuusikia." Alicheka, kisha akaacha. "Amesema nimepita. Amesema pengo ukilijua, si pengo tena, ni zoezi. Mama, una kidonge?"

Swali gani hilo. Ninavyo siku zote. Vinne vilikuwa kwenye kona ya sanduku, ndani ya leso. Mzee Tema alitaka kimoja, ndani ya chupa yenye kifuniko, kikae mbali na chai, na Kitinda akifungue na kukinusa mara moja kila asubuhi kabla ya kazi, hadi siku atakapokisikia.

Nilikitumbukiza chupani mwenyewe. Nikakaza kifuniko. Jumatatu nilimwambia bosi wangu nafasi ile ampe mtu mwingine, akampa mpwa wake, ambaye anakunja mashuka kama anakasirikia mtu.

Sweta nilirudi nalo. Nilitaka kuliacha baada ya kulifua, lakini Kitinda alisema hapana, atanunua jingine sokoni. Alisema kwa upole. Nililifua mara tano na kulianika wiki tatu mfululizo. Baba yake analivaa sasa. Anasema halinuki chochote, lakini ushahidi wake haufai.

Wiki ya tano, asubuhi na mapema, simu iliita nikiwa nafungua stoo.

"Mama. Leo nimekisikia."

"Kinanukaje?"

Nilimsikia akivuta pumzi, akilitafuta neno, kama alivyofundishwa.

"Vibaya," alisema. "Mama, kinanuka vibaya sana."

"Ndiyo kazi yake," nikamwambia, nikamuuliza kama ameshakula.